Mguu Aliouomba Marewe

Hasira ya Marewe haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya kazi. Ukimwona anachimba na hasemi, ulikuwa unapita mbali, na sisi tuliokaa naye jirani tulilijua hilo kama tunavyojua saa ya kujaa maji.

Asubuhi hiyo alikuwa anazika makopo ya nyama yaliyoliwa na kutu chini ya matuta ya kabichi. Mchanga wetu ni matumbawe matupu, hauna chuma, na mboga iliyokosa chuma hugeuka manjano kama mtu mwenye safura. Basi anaweka kopo, analiponda kwa kisigino, anafukia, anachukua jingine. Nyama iliyotoka kwenye makopo hayo ndiyo iliyosaidiana na wali na sukari kumla mumewe. Sasa makopo yalipe, alisema moyoni.

Mumewe, Ioteba, alikuwa amekaa juu ya jukwaa la nyumba akimtazama, mguu mmoja ukining'inia. Wa pili ulikatwa hospitali, chini ya goti, kwa ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia kwa upole kwamba asipobadili chakula na huo uliobaki utaondoka. Marewe alipofika nyumbani aliirudia habari hiyo bila upole wowote. Alimwambia mumewe kwamba wali hautapikwa tena ndani ya nyumba hii, na chai ya sukari akaitafute kaburini.

Ioteba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na ndiyo sababu Marewe aliolewa naye zamani, Ioteba alipokuwa baharia wa meli za Wajerumani anayerudi na redio begani na soga mdomoni. Marewe alitoka kisiwa cha Maiana, kwenye mashimo ya babai, yale magimbi yetu makubwa yanayopandwa chini kabisa, mahali ambapo maji matamu yanachungulia mchangani. Mama yake alimfundisha kusuka kikapu cha majani ya mkadi kuzunguka kila shina, na kukilisha majani mabichi na makavu kwa mpango ambao kila nyumba inaufanya siri. Huko Maiana kuchungulia shimo la mwenzako ni matusi. Mashimo yako katikati ya kisiwa, nyuma ya vichaka, na mwanamke akienda kuyatunza haagi.

Alipohamia hapa Tarawa kwa mumewe alilikuta shimo la ukoo limejaa chupa na nepi. Hakuna aliyelima. Mchele ulikuja na meli, unga ulikuja na meli, hata kuku alikuja na meli akiwa barafu. Na Marewe mwenyewe alikula, msinielewe vibaya. Alikula miaka mingi, akawa mnene, akasahau mikono yake ilikuwa ya nini. Ndiyo maana mguu wa Ioteba ulipoondoka alijikasirikia yeye kwanza, kabla ya kutukasirikia sisi.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kuhubiri. Redio kutwa nzima ikituambia turudi kwenye vyakula vyetu, tupande mboga, tupande matunda. Marewe alikwenda kwenye semina yao. Bwana mmoja mwenye shati la maua alizungumza vizuri sana juu ya papai na majani ya mlonge, kisha chakula cha mchana kikaletwa: wali, kuku wa barafu, na soda. Marewe hakula. Alijaza mfuko mbegu za nyanya, maboga na kabichi za Kichina, akarudi kwa miguu, na njia nzima alikuwa anasema peke yake.

Alianza kwenye kipande cha ardhi ya mumewe kilicho kando ya barabara. Alizungushia nyavu kuukuu za uvuvi kuzuia nguruwe, akapanga magogo ya minazi kuwa kingo, akabeba majani, matumbo ya samaki, samadi ya nguruwe, mwani uliooshwa na mvua. Aliyalisha matuta yake kama mama yake alivyolisha babai. Kwanza kikaota kitu cha kusikitisha. Akaongeza majani. Msimu uliofuata kikaota kitu cha kutazamwa. Maboga yalitambaa mpaka kwenye nyavu, mipapai ikazaa kiasi cha kuegemezwa miti, na nyanya, nyanya nyekundu kabisa, kwenye mchanga ambao wazungu wawili walikwishaandika kwamba haufai.

Ioteba alikula mboga akinuna, kisha akala bila kununa. Kidonda kilichokuwa kimeanza kwenye unyayo uliobaki kikafunga. Muuguzi wa zahanati aliutazama, akaubonyeza, akasema mguu huu umeamua kukaa. Siku hiyo Marewe alitembea barabarani kama aliyeshinda kesi.

Lakini alikuwa amekwishakosea, na lilikuwa kosa ambalo mama yake asingelifanya hata akiwa na homa. Alipanda mahali panapoonekana.

Kwetu kinachoonekana huombwa. Ndugu akija akakaa, akashusha sauti, akasema nakuomba kwa bubuti kitu fulani, hukatai. Hakuna sheria. Ila ukikataa neno hilo umejikata mwenyewe kwenye ukoo, na watoto wako wataitwa watoto wa yule aliyekataa. Bubuti ilituvusha ukame na vita. Aliyekuwa na nazi alitoa nazi, kesho yake akaenda kuomba samaki. Ni kitu kizuri kama kisu ni kitu kizuri.

Wa kwanza alikuwa Aritita, mke wa shemeji yake Tekaai. Aliomba maboga. Akapewa. Kisha wakaja binamu wa Ioteba, wakaomba nyanya ambazo bado zilikuwa kijani, wasije wengine wakawatangulia. Wakapewa. Akaja mtu wa kanisani ambaye udugu wake ulihitaji kuelezwa mpaka chai ikapoa, akaomba papai, akapewa. Hakuna hata mmoja aliyeomba mbegu. Mbegu ina kazi ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya Marewe ilikuwa imejaa.

Halafu ikaja karamu ya kumuaga mtoto wa Tekaai anayekwenda kusoma Fiji. Aritita aliomba kabichi zote. Marewe alizikata yeye mwenyewe, akazibeba kwa kujipa moyo kwamba angalau siku moja ukoo mzima utakula majani. Alipofika akaona zimetandazwa juu ya sinia kubwa, zimepangwa vizuri kama mkeka, na juu yake nyama ya kopo iliyokatwa vipande, na wali umerundikwa katikati. Watu walikula nyama. Walikula wali. Majani walisukuma pembeni kwa vidole. Mwisho yakakusanywa, wakamwagiwa nguruwe.

Alimweleza Ioteba yote. Ioteba akafikiri kidogo, akasema, "Mama Kiata, usilie. Angalau ukoo wetu sasa una nguruwe wenye afya."

Marewe alicheka, hakupenda, lakini alicheka. Kisha akaenda kuchimba, na hapo ndipo tulipomwona anaponda makopo. Hasira zilimpa nguvu. Akapanda upya matuta yote.

Sasa huyu Tekaai. Ni mdogo wake Ioteba, mwenye duka kubwa kuliko yote upande wetu, mtu mcheshi, mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kukaribisha. Mimi sitamsingizia ubaya. Ukifiwa anakuletea gunia la mchele kabla hujanyoa. Ila gunia hilo ndilo linalotumaliza, na yeye akiliuza anatabasamu, nasi tukilinunua tunamshukuru. Yeye na Marewe walitaniana kama kawaida ya mashemeji. Akipita anamwita Waziri wa Majani. Marewe naye anamuuliza kama mimba yake imefikisha miezi.

Siku moja Marewe alikwenda zahanati kuchukua dawa. Aliporudi aliona vigingi. Vilikuwa vimepigiliwa kutoka ukingo wa barabara mpaka kwenye mipapai, na kamba ya bluu imevutwa katikati ya nyanya. Mtu alikuwa amekanyaga tuta, alama ya kiatu ikaonekana wazi.

Alimkuta Ioteba amekaa palepale juu ya jukwaa, hacheki.

"Nani kapiga vigingi kwangu?"

"Tekaai alikuja," Ioteba alisema. "Anataka kujenga ghala. Duka limejaa, makontena yanaharibika bandarini."

"Ghala la nini?"

Ioteba alitazama upande wa bahari. "La mchele."

"Ukamwambia nini?"

"Kaomba kwa bubuti, Mama Kiata. Ndugu yangu wa tumbo moja. Kakaa hapa, kashusha sauti. Ulitaka niseme nini?"

Marewe alishuka bustanini akasimama kati ya kamba na matuta. Angemlaumuje? Ardhi ilikuwa ya Ioteba, neno lilikuwa neno lile lile ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulikataa kwa ajili ya maboga. Aliyeanza kutoa ni yeye. Alijua pia kwamba hakuna kipande kingine. Upande wa pili ni makaburi na upande wa ziwa la bahari maji ya chumvi huingia mwezi ukiwa mpevu. Bustani ikiondoka wali unarudi, na wali ukirudi mguu unaondoka, na mumewe alikuwa ameutoa mguu wake mwenyewe kwa adabu. Adabu! Alilitamka neno hilo kwa sauti kubwa mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa kwenye maneaba, jumba letu la mikutano, kila nyumba mahali pake pa siku zote. Tekaai alikuwa ameleta tumbaku na biskuti kwa wazee ili ghala lake lipate baraka. Babu Kaiea, ambaye ndiye anayesema wa kwanza kwa kuwa amezaliwa mahali pa kusema wa kwanza, alisifu umoja wa ndugu. Alimsifu Ioteba kwa moyo wa kutoa. Alisema vijana wa siku hizi wajifunze. Ioteba alikaa na kipande chake cha mguu kimefunikwa kikoi, na kila aliposifiwa aliinamisha kichwa zaidi.

Mke aliyeolewa hasemi katika maneaba ya mumewe mpaka apewe ruhusa, na akisema bila ruhusa kuna faini ya tumbaku. Marewe aliinuka kutoka nyuma, akapita katikati ya watu ameinama kwa heshima, akaenda kukaa mbele ya Tekaai, magoti yakakaribia kugusana.

"Mama Kiata," Babu Kaiea akasema, "unajua faini."

"Naijua, babu. Nitalipa nikimaliza." Kisha akashusha sauti, ile sauti tunayoijua wote. "Shemeji, nimekuja kukuomba."

Tekaai akatabasamu. Alikuwa amejiandaa kwa hili. Watu wa dukani hawakosi kitu cha kutoa. Akasema shemeji yake aombe chochote, kama ni mabati, kama ni mbao zitakazobaki.

"Nakuomba mguu wako," Marewe alisema. "Kwa bubuti."

Maneaba nzima ikacheka. Kwani si mashemeji? Hata wazee walicheka, na mtu mmoja akasema huyu mama anataka kutengeneza supu. Tekaai alicheka kuliko wote. "Shemeji, utaupeleka wapi mguu mnene hivi? Nyumba yenu itainama upande mmoja."

"Sitanii."

Hawakunyamaza mara moja. Kicheko kiliisha kipande kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Sitanii, shemeji. Kaka yako alikuwa na miguu miwili. Mmoja kaula wali wako, sisemi ulimlazimisha, tulikula wenyewe. Wa pili nimeushikilia mimi kwa majani, na majani yanaota pale ulipopiga vigingi. Umemwomba ardhi, kumbe umemwomba mguu, naye kakupa kwa kuwa ni ndugu. Sasa na mimi naomba. Yeye hakukataa. Wewe utakataa?"

Aritita alianza kusema kwamba hayo ni maneno ya laana. Babu Kaiea akainua mkono, akabaki ameuinua. Hakuna aliyewahi kuombwa kitu cha namna hiyo. Kukataa bubuti mbele ya wazee ni aibu isiyofutika, na kutoa haiwezekani. Marewe alikuwa amekaa pale amefunga mikono, na alitaka aibu hiyo imwangukie Tekaai mzima mzima, impondeponde kama kopo.

Tekaai akafanya jambo ambalo kwetu mtoto mdogo hujifunza kwa kofi moja tu kutolifanya. Alinyoosha miguu yake mbele ya wazee. Kikoi kikapanda, na tukaona unyayo wa kushoto umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa, na harufu ikatufikia.

"Chagua," akasema. "Ila huu hautakufaa."

Hakuna aliyemkemea kwa kunyoosha miguu. Tekaai aliendelea kuongea akiwa ametazama vidole vyake, kwa sauti ambayo haikuwa ya dukani. Alisema kidonda kina miezi, kwamba mkewe tu ndiye anayejua, kwamba hospitali wamemwambia alichokuwa anaogopa kuambiwa. Ghala alilitaka kando ya barabara ili akikatwa akae mlangoni auze bila kutembea.

Ungedhani Marewe angelainika. Watu wengi walilainika. Nilisikia vilio nyuma yangu. Yeye alipandwa na hasira upya, na safari hii ilimtoka mdomoni.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Unaoza kwa mchele, ukaona dawa yake ni ghala la mchele. Umepita kwangu kila siku na kidonda chako ukiniita Waziri wa Majani, kabichi zinakutazama, usiombe hata jani moja la kula. Ukaomba la kupamba sinia."

"Niliona aibu, shemeji."

"Aibu ya kula majani?"

Jibu la hilo tulikuwa nalo sote. Majani ni chakula cha wakati wa shida. Mtu mwenye duka akionekana anakula mlonge, watu watasema amefilisika. Tulikaa pale ukoo mzima na matumbo yetu, na hatukuwa na pa kutazama.

Babu Kaiea hatimaye aliushusha mkono. Alisema ombi limetamkwa, na lililotamkwa halirudi mikono mitupu. Akamuuliza Marewe atapokea nini badala yake, kama ni ardhi irudi basi irudi.

"Ardhi itarudi, hiyo haina mjadala," Marewe alisema. "Na badala sitaki. Niliomba mguu. Nipe wa kulia, huo bado unasimama. Kesho alfajiri uje nao kwangu."

Akalipa faini yake ya tumbaku, akamsaidia Ioteba kuinuka, wakaondoka.

Tekaai alikuja. Nilidhani hatakuja, na wengi tulidhani hivyo. Alikuja amevaa mfuko wa plastiki juu ya kidonda, ameegemea gongo, na mgeni huyu hakungoja siku ya tatu kupewa jembe. Marewe alimwangalia toka juu hadi chini, akaona hawezi kuchimba, akamkalisha juu ya ndoo, akampa panga na rundo la matumbo ya samaki yaliyolala juani siku nzima. Akamwambia akatekate, achanganye na majani, na asitapike karibu na nyanya. Vigingi Marewe aliving'oa mwenyewe na kuvitupa barabarani.

Wakaanza kazi. Ioteba aliimba juu ya jukwaa nyimbo zake za meli, akakoma alipoona hakuna anayeitikia. Jua lilipopanda Marewe aliingia jikoni, akatoka na mabakuli mawili. Boga lililochemshwa, kabichi, majani ya mlonge, na samaki. Moja alimpa mumewe. Jingine alimwekea Tekaai mikononi, mikono ile ile yenye harufu ya matumbo.

Tekaai alilitazama bakuli. Watu wawili walikuwa wanapita barabarani, wakapunguza mwendo ili waone. Akageuza uso upande wa nyumba.

"Wali hakuna kabisa, shemeji?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hata kidogo?"

"Sijakusamehe," Marewe alisema. "Kula."

Akala. Marewe alisimama mbele yake, beleshi mkononi, mpaka jani la mwisho likaisha, kisha akamnyang'anya bakuli akaenda kumjazia tena.